Papwa Sewgolum: Bingwa wa Gofu Aliyekabidhiwa Kombe Mvuani

Askari yeyote aliyewahi kupangiwa kazi Mununga, kaskazini ya Nchelenge, amewaona wavuvi wakirudi na chisense kutoka Ziwa Mweru. Apigaye kafi upande wa kulia, mkono wake wa kulia huwa chini na wa kushoto huwa juu. Akihamia upande wa pili, mikono nayo hubadilishana. Hakuna amkemeaye mvuvi kwa jambo hilo, maadamu mtumbwi umefika ufukoni. Katika mchezo wa gofu mambo si hivyo. Mchezaji atumiaye mkono wa kulia hufundishwa tangu siku ya kwanza kwamba mkono wa kushoto ukae juu ya mpini na wa kulia chini yake, na walimu wa gofu huisimamia kanuni hiyo kama sajini wa gwaride asimamiavyo namna ya kushika bunduki. Sewsunker Sewgolum, ambaye watu wote walimwita Papwa, alishika rungu lake kinyume cha hivyo maisha yake yote, mkono wa kulia juu na wa kushoto chini, na kwa mikono hiyo hiyo akawashinda mabingwa waliojulikana duniani kote.

Papwa alizaliwa Durban, katika jimbo la Natal nchini Afrika Kusini, mwishoni mwa miaka ya 1920. Alikuwa wa jamii ya Wahindi ambao Waingereza walianza kuwaleta Natal mwaka 1860 kwa mikataba ya kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Nyumbani kwao palikuwa na umaskini mkubwa, naye hakupata elimu ya shule. Karibu na hapo palikuwa na kiwanja cha gofu cha Beachwood, mali ya klabu ya Wazungu. Mtoto wa Kihindi hakuweza kuingia humo kama mchezaji, lakini aliweza kuingia akiwa amebeba mfuko wa rungu za mwenye klabu. Basi Papwa akawa mbeba mifuko.

Kazi hiyo, ingawa ilikuwa ya kijungujiko, ilikuwa shule kamili. Gofu ni mchezo wa kupeleka mpira mdogo katika mashimo 18, na mshindi ni yule aliyetumia mapigo machache kuliko wenzake. Mchezaji hushughulika na pigo lake moja; mbeba mifuko huona mapigo ya watu wengi kila siku, huona upepo wa bahari unavyougeuza mpira, huona mteremko uliojificha karibu na shimo. Jioni kijana huyo alijaribu mwenyewe aliyoyaona, akianza kwa fimbo ya mti. Kwa kuwa hakuna mwalimu aliyesimama nyuma yake, hakuna aliyemwambia kwamba mikono yake imekaa vibaya. Wataalamu walipokuja kumtazama miaka mingi baadaye, ulikuwa umekwisha kupita wakati wa kumsahihisha, na kwa kweli hapakuwa na kosa la kusahihishwa, kwa maana mpira ulikwenda alikoutaka.

Wakati huo makaburu walikuwa wamekwisha kushika serikali. Chama chao kiliingia madarakani mwaka 1948, na mwaka 1950 wakatunga sheria ya kugawa maeneo ya makazi kwa rangi za watu, sheria ambayo baadaye ilinyoosha mkono wake hata katika viwanja vya michezo. Wasiokuwa Wazungu walikuwa na mashindano yao ya gofu, na humo Papwa alishinda mara nyingi. Zawadi zake zilikuwa ndogo mno, zisizotosha kumlisha mtu mwenye familia.

Mlango ulifunguliwa na mfanyabiashara mmoja wa Durban, Graham Wulff, aliyebuni mafuta ya ngozi yaliyopata kujulikana kwa jina la Oil of Olay. Bwana huyo alikiona kipaji cha Papwa, akamsaidia kwenda Ulaya mwaka 1959. Mbeba mifuko wa Beachwood akaingia katika mashindano ya wazi ya Uholanzi, akayashinda. Mwaka 1960 akarudi, akayashinda tena; na mwaka 1964 akayashinda mara ya tatu. Ulaya hakuna aliyemwuliza kibali cha kukanyaga nyasi. Mwaka 1963 alicheza katika mashindano ya wazi ya Uingereza yaliyofanyika Lytham, ambayo ni miongoni mwa mashindano manne makuu ya gofu duniani, akamaliza katika nafasi ya 13 pamoja na wengine. La kufurahisha ni kwamba bingwa wa mwaka huo, Bob Charles wa New Zealand, alicheza gofu kwa mashoto.

Lakini mwaka huo wa 1963 watu wanamkumbuka Papwa kwa jambo lililotokea nyumbani kwao. Mnamo Januari, baada ya vuta nikuvute ndefu, alipewa ruhusa ya kushiriki mashindano ya wazi ya Natal katika klabu kubwa ya Wazungu ya Durban. Msomaji alielewe vema neno hilo ruhusa. Hakuwa na haki ya kucheza kwa sababu ya ustadi wake. Aliachiwa kucheza, kwa mashindano hayo, kwa hisani ya wakuu. Alicheza bila kuingia ndani ya jumba la klabu, ambamo wachezaji wenzake walibadilishia nguo, walikula na kupumzika. Nao wenzake hao walikuwa Wazungu watupu. Akawashinda wote.

Ilipofika saa ya kutoa zawadi mvua ilikuwa ikinyesha. Wazungu walikuwa ndani ya jumba, wakiwa wakavu. Mshindi alikuwa nje, na huko huko nje, katika mvua, akakabidhiwa kombe lake. Picha ya mtu huyo aliyelowa, kombe mkononi, ilichapishwa katika magazeti ya nchi nyingi. Pengine hotuba mia juu ya ubaguzi wa rangi zisingeeleza vizuri kama picha ile moja, kwa sababu hata mtu asiyejua siasa aliweza kuiuliza swali: kwa nini mshindi yuko nje? Wapiganiaji wa haki katika michezo waliitumia sana, na mwaka 1964 Afrika Kusini ilizuiwa kushiriki michezo ya Olimpiki ya Tokyo.

Papwa mwenyewe hakuwa mwanasiasa. Alikuwa mtu mpole, asiyependa makuu, na alichotaka ni kucheza. Mwaka 1965 alishiriki tena mashindano ya Natal, safari hii dhidi ya Gary Player, Mzungu wa Afrika Kusini, ambaye mwaka huo huo alikuja kuwa mtu wa tatu katika historia kuyatwaa mashindano yote manne makuu ya dunia. Papwa akamshinda.

Hapo subira ya makaburu ikaisha. Mhindi akishinda mara moja huweza kusemwa kuwa ni bahati. Akishinda mara ya pili, tena mbele ya bingwa wao mkubwa, nadharia yote ya ubora wa rangi inakuwa mashakani. Mwaka 1966 serikali ikampiga marufuku kushiriki mashindano ya wazi ya nchini. Kisha ikamnyang'anya pasipoti, asiweze kwenda kucheza ng'ambo.

Polisi wa mpakani wanaifahamu vizuri thamani ya kijitabu kile na mhuri wake. Aliyenyimwa pasipoti hafungwi pingu, wala hapelekwi gerezani. Anaachwa nyumbani kwake, akiamka kila asubuhi huku kazi yake iko ng'ambo ya bahari. Papwa hakuwa amevunja sheria yoyote. Alikuwa bado hajafika miaka 40, umri ambao mchezaji wa gofu angali na nguvu na amekwisha kupata busara ya mchezo. Hakuwa na elimu ya kumpatia kazi nyingine ya maana. Miaka iliyobaki aliishi katika dhiki, akicheza michezo midogo aliyoruhusiwa, huku watu waliokwisha kushindwa naye wakiendelea kuzunguka dunia na kulipwa.

Huku Zambia gofu ilikuwa na sura nyingine baada ya uhuru wa 1964. Viwanja vilivyokuwa vya wakubwa wa migodi ya Copperbelt, ambako vijana wengi wa Luapula walikwenda kutafuta kazi, vilifunguliwa kwa wananchi, na Rais Kaunda mwenyewe alikuwa mpenzi wa mchezo huo, akiwa na kiwanja katika bustani ya Ikulu ya Lusaka. Kaunda huyo alikuwa miongoni mwa viongozi waliopigania kwa nguvu kuitenga serikali ya makaburu. Juni 1977 viongozi wa Jumuiya ya Madola walikubaliana kukatisha uhusiano wa michezo na Afrika Kusini. Makubaliano hayo yaliitwa ya Gleneagles, kwa kuwa yalifikiwa katika hoteli ya jina hilo huko Scotland. Nayo hoteli hiyo inajulikana zaidi kwa viwanja vyake vya gofu.

Aprili 1978 Gary Player, akiwa na umri wa miaka 42, alishinda mashindano makuu ya Augusta nchini Marekani kwa mara ya tatu. Papwa Sewgolum alifariki dunia Durban tarehe 5 Julai ya mwaka huo huo, kabla ya kutimiza miaka 50.

Utawala wa makaburu ulikoma mwaka 1994. Katika mtaa wa Reservoir Hills, mjini Durban, kiwanja kimoja cha gofu kilipewa jina lake.