Ronald Ngala, diwani aliyetaka kodi ya Pwani ibaki Pwani

Kila uchaguzi ukikaribia, jina la Ronald Gideon Ngala hutolewa sandukuni, likapanguswa vumbi na kupelekwa jukwaani. Huyu hulitumia kudai ardhi, yule kuombea kura, na kura zikishahesabiwa jina hurudishwa sandukuni. Vijana wa Malindi na Kilifi wanalijua kama jina la barabara Nairobi, au la kile chuo cha utalii cha Vipingo ambacho ujenzi wake ulisuasua miaka na miaka huku gharama zikipanda. Mtu mwenyewe na kazi yake hawajaelezwa.

Alizaliwa mwaka 1923, akakulia Vishakani karibu na Kaloleni. Alisoma kwa wamishonari Kaloleni, akaenda Shimo la Tewa, kisha Alliance, na hatimaye Makerere alikosomea ualimu. Kwa mtoto wa Kigiriama wa wakati ule, hiyo ilikuwa safari ya wachache mno. Aliporudi alifundisha Kaloleni, akaenda Taita, kisha akawa mwalimu mkuu wa shule ya Buxton, Mombasa. Mwaka 1949 alitoa kitabu kidogo kwa Kiswahili kuhusu nchi na desturi za Wagiriama. Wanasiasa wetu wa leo wanaoandika vitabu huviandika kujihusu wenyewe, lakini hilo tuliache.

Mombasa ndiko alikoingilia siasa, na mlango wake ulikuwa baraza la manispaa. Naliona jambo hili kuwa kubwa kuliko linavyopewa uzito. Barazani hakuna hotuba za uhuru. Kuna maji, taka, taa za barabarani na ushuru wa soko, na kila kikao swali ni lile lile: pesa zimekusanywa kwa nani na zitatumika kwa nani. Mombasa ya miaka ya 1950 Waafrika walikuwa wengi mitaani na wachache mezani. Mwalimu aliyekaa kwenye meza ile aliona kwa macho yake kwamba mwenye kugawa fedha ndiye mwenye kutawala, yeyote awaye aliyeandikwa mlangoni.

Mwaka 1955 serikali ya kikoloni iliruhusu Waafrika kuunda vyama, lakini vya wilaya tu. Wengi walikiona kizuizi hicho kama pingu. Ngala alijifunza humo kupanga watu wake kuanzia chini, na mwaka 1957 Pwani ikamchagua kuwa mmoja wa Waafrika wanane wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria kwa kura, pamoja na kina Tom Mboya, Oginga Odinga na Daniel arap Moi.

KANU ilipoundwa mwaka 1960 ilimpa cheo cha mweka hazina. Hakukipokea. Juni mwaka ule ule yeye, Masinde Muliro, Moi na wengine walikutana Ngong wakaunda KADU, Ngala akiwa rais wa chama. Hofu yao ilikuwa kwamba makabila makubwa mawili yangeimeza nchi, na dawa waliyoitoa ni majimbo: kila jimbo liwe na baraza lake, polisi wake, na sauti juu ya ardhi yake na kodi yake. Katika uchaguzi wa 1961 KANU ilishinda lakini ikakataa kuunda serikali kabla Kenyatta hajaachiwa. Ngala akaiunda, akawa Kiongozi wa Shughuli za Serikali. Kuna waliomwita kibaraka wa Wazungu kwa hilo, na wako wanaomwita hivyo mpaka leo. Kweli walowezi waliyapenda majimbo kwa sababu zao. Haifuati kwamba Mgiriama wa Ganze hakuwa na sababu zake.

Hapa sisi watu wa miji ya mwambao tuna hesabu yetu naye, na si vizuri kuificha. Wakati KADU ikidai jimbo, wazee wengi wa Malindi, Lamu na Mombasa walikuwa wakidai kitu kingine: ukanda wa maili kumi, uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar na kukodishwa kwa Waingereza tangu 1895, usiunganishwe na Kenya. Ngala aliwapinga waziwazi. Jamaa zetu walimwona kama mtu wa bara anayewaamulia watu wa pwani mambo yao. Nikimtazama kwa upande wake, namwelewa. Sheria ya hatimiliki ya 1908 iliandika mashamba ya ukanda ule kwa majina ya watu binafsi, wengi wao Waarabu na Waswahili, na Mijikenda wakabaki maskwota juu ya udongo walioulima. Mwambao huru, kwake, ulikuwa hati ile ile iliyopigwa muhuri mpya. Sir James Robertson alipendekeza mwaka 1961 ukanda uingie Kenya, na Oktoba 1963 Kenyatta na Mohamed Shamte wa Zanzibar wakaafikiana hivyo, mahakama za Kadhi zikilindwa. Kidonda cha ardhi hakikutibiwa na upande wowote. Maskwota wangali wapo, kuanzia Mtwapa mpaka Magarini.

Majimbo yaliingia katika katiba ya uhuru, lakini KADU ilishindwa uchaguzi wa 1963, na serikali ya KANU haikuwa na haraka ya kuyalisha. Fedha zilikawia, watumishi hawakupelekwa. Wabunge wa KADU wakaanza kuvuka mmoja mmoja. Tarehe 10 Novemba 1964 Ngala, Kiongozi wa Upinzani, alisimama bungeni akakivunja chama. Mwezi uliofuata Kenya ikawa jamhuri na majimbo yakageuka mikoa ya wakuu walioteuliwa Nairobi.

Husemwa aliokoa umoja wa nchi. Mimi nasema alikiuza chama kwa bei rahisi. Hakuandikisha sharti lolote kwa Pwani, si la ardhi wala la kodi, na uwaziri wenyewe aliusubiri hadi 1966 alipopewa wizara ya ushirika na huduma za jamii. Ndani ya KANU nguvu zake nyingi zilimalizikia katika mvutano na kundi la Msanifu Kombo, aliyekuwa meya wa Mombasa.

Kisha likaja jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko hata kuvunja KADU, ingawa halitajwi jukwaani. Mwaka 1969 ilipitishwa sheria ya kuyanyang'anya mabaraza ya kaunti kazi tatu: shule za msingi, afya na barabara, kuanzia Januari 1970. Manispaa kama Mombasa zilibakiziwa zao. Baraza la Kaunti la Kilifi likabaki na masoko na ushuru mdogo mdogo. Diwani wa zamani alikuwa ndani ya serikali iliyofanya hivyo. Miaka yake ya mwisho alikuwa Waziri wa Nishati na Mawasiliano, na watu wake walikuwa bado wakingoja kivuko pale Mnarani. Daraja la Kilifi lilifunguliwa 1991. Barabara na madaraja hayakuwa ya wizara yake, nakubali.

Desemba 1972 gari lake lilipata ajali Konza, barabara ya Mombasa. Ilielezwa kwamba nyuki aliingia garini akamvuruga dereva. Ngala alifariki siku ya Krismasi, akiwa na miaka 49, akazikwa Vishakani. Habari ya nyuki huyo ni wachache waliowahi kuiamini huku kwetu.

Shule za chekechea, zahanati, maji na barabara za mashinani zilirudi Kilifi baada ya uchaguzi wa 2013, chini ya katiba inayozitengea kaunti zote kwa pamoja asilimia 15 ya mapato ya taifa au zaidi. Meza aliyoitaka Ngala sasa iko mjini Kilifi, na madiwani wake tunawachagua wenyewe, wadi 35. Ripoti za Mkaguzi Mkuu juu ya matumizi yao hutolewa kila mwaka, na yeyote anaweza kuzisoma.