Sayyid Ahmad bin Sumait na Elimu ya Nyota

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyezijaalia nyota ziwe uongozi kwa wasafiri wa bara na bahari.

Amma baad. Ndugu zetu wa Likoni, Kisauni na Changamwe, leo twamkumbuka Sayyid Ahmad bin Abi Bakr bin Sumait, Mungu amrehemu.

Alizaliwa Ngazija mwaka 1861, katika ukoo wa Masharifu wa Hadhramaut. Baba yake alikuwa mwanachuoni na mfanyabiashara, na yeye mwenyewe ujanani alikuwa nahodha. Kisha Sayyid Barghash akamtia ukadhi Unguja. Hakutosheka na cheo: alisafiri hata Istanbul kutafuta elimu, akarejea Unguja mwaka 1888, akahukumu na kusomesha hata kufa kwake mwaka 1925. Miongoni mwa wanafunzi wake ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyetoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932.

Katika uhai wake zilitokea nyota kubwa za mkia, kama ile ya 1882 na ile ya Halley ya 1910. Wajinga hudhani mkia ni kidole kiashiriacho mji utakaopatwa na balaa, na wapiga ramli hula kwa hofu hiyo. Wengine hudhani mkia huburutwa nyuma, kama povu nyuma ya chombo. Yote mawili si kweli. Mkia ni vumbi na hewa visukumwavyo na jua, basi daima huelekea upande ulio mbali na jua. Mfano wake ni bendera juu ya mlingoti: haifuati njia ya chombo, hufuata upepo. Nyota inapoliacha jua, mkia wake hutangulia mbele. Mwezi Mei 1910 nyota ya Halley ilionekana mashariki kabla ya alfajiri, kisha magharibi baada ya machweo. Mkia nao ukageuka, si kwa ajili ya mji wowote.

Nahodha huzitazama nyota apate njia, mnajimu huziuza. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipofiwa na mwanawe Ibrahim jua likapatwa, naye akawakataza watu kulihusisha na mauti ya mtu. Ikiwa hakuikubali dhana hiyo kwa mwanawe, sisi twaikubalije kwa fedha zetu?

Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa. Amin.