Edward Tingatinga: Mchoraji wa chini ya mbuyu na katuni za wanyama

Msikilizaji, kama kuna mtoto nyumbani mwako anayeomba simu kila jioni aangalie katuni, huenda umeshawahi kuona wanyama wenye macho makubwa na madoa ya rangi kali wakikimbizana kwenye kioo. Tuliwahi kueleza hapa kwamba ile filamu maarufu ya Marekani ya mwaka 1994, ya mwana wa mfalme wa simba, ilichukua majina kutoka Kiswahili: Simba, Rafiki, Pumbaa. Lakini ipo katuni nyingine iliyochukua zaidi ya majina. Inaitwa Tinga Tinga Tales, na nyuma yake yupo Mtanzania aliyefariki miaka 38 kabla haijaonyeshwa.

Kwetu vijijini ukitaja tingatinga watu wanafikiria mtambo wa kutengeneza barabara. Hapa ni jina la mtu: Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, kusini mwa nchi yetu. Kama vijana wengi wa wakati ule, aliondoka kwao kutafuta maisha, akaenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, na mwishoni mwa miaka ya 1950 akaingia Dar es Salaam. Alifanya kazi za nyumbani kwa Wazungu, akafanya vibarua, baadaye akapata kazi hospitali ya Muhimbili. Hakuwahi kusomea uchoraji.

Alianza kuchora mwaka 1968, umri ukiwa tayari miaka 36. Turubai na rangi za wasanii zilikuwa ghali, hivyo alinunua mbao nyembamba za kuezekea dari, akazikata mraba, akapaka rangi ya baiskeli. Ndiyo, ile ile ya kwenye kopo dogo la dukani. Kwanza alipaka rangi moja sehemu yote ya nyuma, akaacha ikauke, kisha akachora mnyama mmoja mkubwa karibu ajaze ubao mzima: chui, tembo, twiga, ndege. Hakuhangaika na kivuli wala umbali. Mistari ilikuwa safi, rangi zinang'aa, na hata mtu aliye ng'ambo ya barabara aliuona mchoro.

Picha hizo ziliuzwa chini ya mbuyu, pale Morogoro Stores, Oysterbay, ambako wageni wengi walikuwa wakifanya manunuzi. (Sisi wa Dodoma tunaujua mbuyu kwa ubuyu na kivuli, kumbe unafaa na kuwa duka.) Biashara ilipochangamka aliwaita ndugu na jamaa kutoka kwao, akawafundisha kazi. Miongoni mwao walikuwa Simon Mpata na Ajaba Abdallah Mtalia. Kampuni ya taifa ya sanaa nayo ikaanza kuchukua kazi zake.

Halafu ikaja 1972. Usiku mmoja alikuwa ndani ya gari na wenzake, polisi wakadhani ni wezi wanaotoroka, wakafyatua risasi. Tingatinga akafa, akiwa na miaka 40 hivi, akiacha mke na watoto wadogo. Muda wake wote wa uchoraji ulikuwa kama miaka minne tu. Hilo ndilo linalotuuma tukisimulia maisha yake: jina lilikuwa ndiyo kwanza limeanza kuleta chakula mezani.

Wanafunzi wake hawakutawanyika. Waliendelea kuchora pale pale, wakafundisha wengine, na mwaka 1990 wakasajili chama cha ushirika chenye jina lake. Kufikia hapo tingatinga halikuwa tena jina la mtu mmoja, lilikuwa jina la mtindo mzima wa uchoraji.

Katuni yenyewe ilitengenezwa Nairobi na kampuni ya Homeboyz pamoja na Tiger Aspect ya Uingereza, ikaanza kuonyeshwa Februari 2010 kwenye chaneli ya watoto ya BBC. Ina hadithi 52, na kila moja inaeleza kwa nini mnyama fulani yuko alivyo, kwa mfano kwa nini tembo ana mkonga. Bibi yeyote wa Bahi au Kongwa anazijua hadithi za aina hiyo. Wimbo wake ulitungwa na mwanamuziki wa Kenya, Eric Wainaina. Kwa macho yetu, mtindo huu ulifaa katuni kuliko mingi: mnyama bapa, asiye na kivuli, ni rahisi kumchezesha miguu na shingo kwa kompyuta bila kuharibu sura yake.

Wala wanyama wa kuchorwa si wageni kwenye uwanda huu. Kule Kolo, Kondoa, twiga na tembo wako kwenye miamba tangu kale, na mwaka 2006 UNESCO iliyaweka maeneo hayo kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Ukisafiri kwenda Dar es Salaam, ulizia Morogoro Stores. Wachoraji wa ushirika huo bado wako hapo, wakiwa na makopo yao ya rangi.