Sumu ya Mshale na Tiba ya Moyo

Kila nirudipo kwetu Marani, nikaliona toroli la dawa za dharura hospitalini, adrenalini ya kuuamsha moyo uliosimama na amiodaroni ya kuutuliza uliopotewa na mpigo, humkumbuka John Kirk, daktari Mskoti aliyezaliwa mwaka 1832.

Historia humtaja kama mwakilishi wa Uingereza aliyemshurutisha Sultani Barghash kulifunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873. Kabla ya hapo, katika msafara wa Livingstone wa mto Zambezi ulioanza mwaka 1858, alikusanya kombe, sumu ya mishale. Siku moja sumu hiyo iligusa mswaki wake. Alipopiga mswaki, mapigo ya moyo wake yakapungua kasi. Kirk hakulipuuza jambo hilo. Huko Edinburgh, Thomas Fraser aliitoa strofanthini katika mmea huo, na mwaka 1906 Albert Fraenkel akaanza kuwadunga mshipani wagonjwa wenye mioyo iliyodhoofu. Kirk alifariki mwaka 1922, jina lake likiwa vitabuni.

Je, waliopika sumu ile walikuwa akina nani? Majina yao hayakuandikwa. Mimi mwanaisimu naliona neno lao tu, lililosalia katika jina la kisayansi la mmea wenyewe: Strophanthus kombe.

Kwetu Gusii yupo omobari, mpasuaji wa jadi wa fuvu la kichwa. Maarifa yake tuyaandike, na jina lake pia, angali hai.