Sophie Kanza, mwanamke wa kwanza kuwa waziri Kongo

Hapa Goma mwanamke kufanya kazi si ajabu. Mama anauza sokoni, anafundisha, anatunza wagonjwa, anaandika rapoti. Lakini siku ya kuchagua mkubwa wa kazi, maswali yanageuka: bwana yake atakubali? Watoto atawaachia nani? Mwanaume haulizwi hayo. Maisha ya Sophie Kanza yanatuonyesha kwamba shida hiyo haikuanza leo.

Sophie alizaliwa Léopoldville, leo Kinshasa, mwaka 1940. Wakati wa Wabelgiji, wasichana wengi waliopata shule walifundishwa kushona, kupika na kutunza nyumba. Kazi ya ofisi ilikuwa ya vijana wanaume. Lakini kwa akina Kanza masomo yalikuwa na uzito. Baba, Daniel Kanza, alikuwa mwanasiasa wa ABAKO, na kaka yake Thomas alikuwa kati ya Wakongomani wa kwanza kumaliza chuo kikuu. Sophie naye alimaliza sekondari mwaka 1961. Mwaka 1964 alipata shahada ya sosiolojia kule Lovanium, mwanamke Mkongomani wa kwanza kupata shahada ya chuo kikuu. Nchi ilikuwa tayari na miaka minne ya uhuru.

Mwezi wa Oktoba 1966, serikali ya Mobutu ilimpa wizara ya mambo ya jamii. Alikuwa na miaka 26, na alikuwa bibi ya Marcel Lihau, mwanasheria mashuhuri. Hapo kulikuwa na jambo la kushangaza: waziri huyo hakuwa bado na haki ya kupiga kura. Wanawake wa Kongo walipata haki hiyo mwaka 1967.

Baadaye alisoma Marekani, Harvard, tena akafanya kazi UNESCO. Alifariki mwezi wa Aprili 1999.

Je, Sophie alipopita, njia ilifunguka kwa wengine? Si kweli. Mwaka 1987, miaka zaidi ya 20 baada ya yeye kuwa waziri, Sheria ya Familia iliandika kwamba mwanamke aliyeolewa aombe kwanza ruhusa ya bwana yake kabla ya kuweka sahihi kwenye mkataba wa kazi. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2016 tu. Na waziri mkuu wa kwanza mwanamke, Judith Suminwa, aliteuliwa mwaka 2024, miaka 58 baada ya Sophie.

Sheria imebadilika, lakini nyumbani bado. Pesa ya minervali ikipunguka, nani anatolewa shuleni kwanza, kijana ao binti? Kwa akina Kanza, binti aliachwa asome mpaka mwisho. Kiti cha uwaziri kilikuja nyuma ya hapo. Wewe msikilizaji, kwako nyumbani mnaamuaje?