IBN BATTUTA, KADHI ALIYEPIMA NGUZO KWA KILEMBA

Wahenga walisema tembea uone. Wengi wetu tunalisema neno hili tukitaka kuruhusiwa kwenda ziara tu, lakini yuko kijana mmoja wa Moroko aliyelitii kwa miguu yake miwili, kwa ngamia, kwa farasi na kwa jahazi, kwa muda wa karibu miaka 30. Jina lake ni Ibn Battuta. Wanaofundisha historia humtaja kwa sababu alifika Mombasa na Kilwa, kisha wakaendelea na somo. Mimi nimeonelea tumkalie kitako kidogo, hasa kwa jambo moja ambalo halisemwi sana: jinsi alivyoyatazama majengo ya dunia, na kama tunaweza kumwamini.

Alizaliwa Tangier tarehe 25 Februari 1304, katika ukoo wa makadhi. Tarehe 14 Juni 1325, akiwa na umri wa miaka 21, aliwaaga wazazi wake akaenda kuhiji Makka. Aliondoka peke yake bila mwenzi wa njiani, na kwa kauli yake mwenyewe moyo ulimuuma kuwaacha wazee wake wakiwa hai. Baba hakumwona tena, wala mama. Hija ingemchukua mwaka mmoja na nusu hivi. Yeye akarudi nyumbani mwaka 1349!

Jengo kubwa la kwanza lililomkamata lilikuwa mnara wa taa wa Iskandaria, huko Misri, mwaka 1326. Mnara huu ulijengwa zaidi ya miaka 1500 kabla yake, na watu wa kale waliuhesabu miongoni mwa maajabu saba ya ulimwengu. Alipoufikia, matetemeko ya ardhi yalikuwa yameshautikisa na upande wake mmoja ulikuwa umebomoka. Basi mwenzetu hakusimama tu kushangaa. Aliupima. Kila upande wa mnara alisema una shubiri 140, na unene wa ukuta shubiri kumi. Akaeleza kwamba mlango wake uko juu, mbali na ardhi, na kwamba mkabala wake kuna jengo jingine la kimo hicho hicho; mbao hutandazwa kutoka jengo hili hadi mlangoni, watu wakavuka. Mbao zikiondolewa, hakuna anayeingia. Ujanja ulioje!

Aliporudi kupitia hapo mwaka 1349 aliuona mnara umeharibika kiasi kwamba hakuweza hata kuufikia mlango. Zaidi ya karne moja baadaye Sultani Qaitbay alijenga ngome mahali pale pale, na mawe ya mnara yakatumika humo. Kwa hiyo tunapotaka kujua mlango wa mnara ule ulivyokuwa, Ibn Battuta ni mmoja wa mashahidi wachache wa mwisho.

Lakini ngoja kidogo. Misri hiyo hiyo ina mapiramidi. Anayataja, naam, lakini kwa maneno machache na ya ovyo, eti ni ya mviringo, mapana chini na membamba juu. Sasa, mtu aliyeziona piramidi za Giza, ambazo kila moja ina pande nne zilizonyooka kama zimechorwa kwa rula, angesema ni za mviringo? Wako wataalamu wanaoona kwamba hakufika huko, alisimuliwa tu. Mimi nakubaliana nao. Mtu aliyehesabu shubiri za mlango mmoja asingelisahau umbo la piramidi.

Kuna sababu ya kasoro kama hizi. Kitabu chake hakukiandika mwenyewe safarini. Alisimulia baada ya kurudi, kwa amri ya Sultani Abu Inan wa Fez, na karani aliyeandika alikuwa mwanachuoni kijana aitwaye Ibn Juzayy. Kazi ilikamilika mwezi wa Desemba 1355. Mambo mengi yalikuwa na umri wa miaka 20 au 30 kichwani mwake. Alikuwa na maandishi, kwa mfano kule Bukhara alinakili yaliyochongwa kwenye makaburi ya wanavyuoni, lakini aliporwa baharini upande wa India na yote yakapotea. Tena Ibn Juzayy, pale aliposikia maelezo hayatoshi, alichota kutoka kitabu cha msafiri mwingine aliyetangulia, Ibn Jubayr. Sehemu kubwa ya maelezo ya msikiti mkuu wa Dameski, ule wa Khalifa al-Walid, imetoka kwa huyo wa kwanza. Katika darasa letu kazi ya namna hiyo ingerudishwa na wino mwekundu, lakini zama zile haikuwa aibu.

Sasa tuje nyumbani. Mwaka 1331 alishuka na jahazi kutoka Aden, akapitia Zeila na Mogadishu, akafika Mombasa. Alilala usiku mmoja tu. Hapakuwa na Fort Jesus. Wareno waliianza mwaka 1593, zaidi ya miaka 260 baadaye. Alichokiona ni misikiti ya mbao, iliyojengwa kwa ustadi na uimara. Penye kila mlango wa msikiti palikuwa na kisima kimoja au viwili, kina chake dhiraa moja au mbili tu. Maji yalitekwa kwa kata ya mti iliyopachikwa kijiti chembamba, urefu wake dhiraa moja. Ardhi kuzunguka kisima na msikiti ilikuwa imesawazishwa. Watu walitembea miguu mitupu, basi mwenye kutaka kuingia aliosha miguu yake kwanza, kisha mlangoni akaikanyaga na kuisugua kwenye jamvi nene ndipo aingie.

Hebu fikiria. Usiku mmoja, na baada ya miaka 24 anaikumbuka kata na kijiti chake! Alikumbuka pia kwamba chakula cha watu wale kilikuwa ndizi na samaki, na kwamba palikuwa na tunda lililofanana na zeituni lakini tamu sana. Kwa jina alilolipa, bila shaka lilikuwa zambarau. Watu wenyewe aliwasifu kwa dini na uadilifu. Wako wanaouliza misikiti ya mbao ilitoka wapi ilhali pwani yetu imejaa magofu ya mawe ya matumbawe, Gede ikiwa mojawapo. Jibu liko Shanga, katika kisiwa cha Pate. Huko wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta chini ya msikiti wa mawe alama za misikiti mingine iliyotangulia, na ile ya awali kabisa ilikuwa ya miti. Kujenga msikiti kwa miti ni desturi ya kale pwani. Kwa Mombasa namwamini.

Kilwa ndiko kwenye utata. Aliutaja kuwa miongoni mwa miji mizuri kabisa na iliyojengwa vizuri kabisa, halafu, kama kitabu kinavyosomeka, akasema wote ni wa mbao. Wote? Katika miaka ya 1960 Neville Chittick alichimba Kilwa akaonyesha bayana kwamba msikiti mkuu wa pale ulikuwa na sehemu ya mawe tangu kabla ya Ibn Battuta kuzaliwa. Tena sultani aliyempokea, al-Hasan bin Sulaiman, ndiye anayehesabiwa kuwa mjenzi wa Husuni Kubwa, kasri la mawe lililo juu ya jabali la bahari, lenye vyumba zaidi ya 100 na hodi la kuogelea lenye pembe nane. Hapakuwa na jengo la kulishinda ukubwa katika pwani hii yote. Mgeni wetu halitaji hata kidogo. Anachosimulia ni ukarimu wa sultani: siku moja ya Ijumaa, wakitoka msikitini, fukara mmoja kutoka Yemen alimwomba sultani nguo alizovaa, naye akaingia nyumba ya khatibu, akavua, akampa. Mwana wa sultani alizikomboa nguo zile kwa watumwa kumi, na sultani akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Ukarimu wa kutoa binadamu wenzako, lakini ndivyo zama zile zilivyokuwa.

Wengine wamejaribu kumtetea kwamba neno moja la Kiarabu lilinakiliwa vibaya. Inawezekana. Huenda pia nyumba nyingi za watu wa kawaida zilikuwa za miti na udongo, paa za makuti, na macho yake yakatosheka na hizo. Hata hivyo sioni namna ya kumwondolea lawama yote. Aliswali Ijumaa mjini humo na kuta zilikuwa mbele yake.

Baada ya pwani yetu alipanda kaskazini. Katika miaka ya 1330 alifuatana na binti wa mfalme wa Constantinople, aliyekuwa mke wa Khan wa Watatari na akirudi kwa babake kujifungua. Mlangoni pa kasri alipekuliwa kama wanavyopekuliwa wageni siku hizi. Alipofikishwa mbele ya mfalme, unadhani aliulizwa nini? Aliulizwa habari za majengo na miji: Yerusalemu, Jiwe Takatifu, Kanisa la Kaburi, Dameski, Kairo. Mkalimani Myahudi kutoka Sham akafasiri, na mfalme akapendezwa mno hata akampa farasi na mwavuli na mtu wa kumtembeza mjini. Ibn Battuta anaongeza kwamba alikutana na mtawa mzee, aliyekuwa mfalme kabla, na mzee huyo akamshika mkono kwa kuwa uliingia Yerusalemu, akaigusa miguu yake kwa kuwa ilikanyaga Kuba ya Mwamba, kisha akajipaka usoni. Wakaongozana hadi Hagia Sophia, kanisa lililojengwa mwaka 532 hadi 537. Ibn Battuta aliomba kuingia. Akaambiwa hapana budi kila aingiaye ausujudie msalaba mkubwa. Akabaki nje. Kwa hiyo maelezo yake ya Hagia Sophia ni ya ua na milango, na ya ndani hakuyatunga. Hilo nampa alama zote.

Delhi alikaa miaka mingi akiwa kadhi wa Sultani Muhammad bin Tughluq, mtu wa kutoa mali kwa mkono mmoja na kuua kwa mkono wa pili. Huko alisikia habari ya jengo lililoua mfalme. Mwaka 1325 baba wa sultani huyo alikuwa akirudi kutoka vitani, wakamjengea jumba la mbao la kupumzikia njiani. Ndovu walipopitishwa kwa gwaride, jumba likamporomokea. Ibn Battuta, kwa kauli ya shehe mmoja aliyekuwapo, asema lilijengwa makusudi ili likiguswa na ndovu lianguke. Wanahistoria wanabishana mpaka leo.

Na ndipo tunafikia nguzo. Katika ua wa msikiti wa Delhi, karibu na mnara wa Qutb Minar wenye kimo cha karibu mita 73, ipo nguzo ya chuma ya kale mno isiyoshika kutu. Yeye alivua kilemba akaizungushia, kisha akapima kitambaa: dhiraa nane. Kimo chake akasema dhiraa 30. Sasa, nguzo ile ingali imesimama, na mtu yeyote aweza kuipima. Kimo chake ni mita saba na kidogo, pamoja na sehemu iliyozikwa ardhini, na mzunguko wake haufiki mita moja na nusu. Dhiraa nane ni karibu mita nne! Hapo mimi nilikwama, maana nilikuwa nimeshajiwekea kanuni kwamba palipo na vipimo ndipo alipofika. Kumbe mtu anaweza kufika, akavua kilemba mbele ya watu, akakumbuka kilemba miaka yote na hesabu ikamponyoka. Nani angebuni kilemba? Kufika alifika. Tarakimu ndizo za kuchungwa.

Sifuati safari yake ya Maldivi na China, ni ndefu. Aliporudi Moroko mwaka 1349 alikuta tauni imemchukua mamake. Hakutulia. Mwaka 1352 alivuka jangwa la Sahara kwenda Mali, na njiani akakuta Taghaza, kijiji ambacho nyumba zake na msikiti wake zilijengwa kwa mapande ya chumvi, zikaezekwa kwa ngozi za ngamia. Hapakuwa na mti hata mmoja. Waliochimba chumvi ile walikuwa watumwa, na maji yao yalikuwa ya chumvi vile vile. Alipachukia mahali pale kwa moyo wote. Ila alieleza ukuta umetengenezwa kwa nini na paa kwa nini, kama alivyofanya Mombasa. Alipofika Timbuktu alizuru kaburi la es-Saheli, mshairi na mjenzi kutoka Granada, aliyeletwa Mali na Mansa Musa.

Siku zake za mwisho alikuwa kadhi katika mji mmoja wa Moroko. Wengi husema alifariki mwaka 1368 au 1369. Ibn Juzayy, karani wake, alikuwa ameshatangulia mwaka 1357, miaka miwili tu baada ya kuweka kalamu chini. Pale Tangier kuna chumba kidogo cheupe katika mji wa kale, wageni huonyeshwa kuwa ndilo kaburi lake. Na Kilwa Kisiwani, ukifika kwa mashua, utaziona kuta za mawe za Husuni Kubwa juu ya jabali, zile ambazo hakuziandikia hata neno moja.