Daktari wa Jicho Moja Aliyeona Mbali

Macho hayana pazia, walisema wahenga. Lakini, mpenzi msomaji, kuna kutazama na kuna kuona. Leo nataka kuwasimulia maisha ya mtu aliyekuwa na jicho moja tu, na kwa jicho hilo akautambua ugonjwa ambao wengi wenye macho mawili walikuwa wameutazama miaka nenda miaka rudi bila kuujua. Mtu huyo ni marehemu Daktari Denis Parsons Burkitt. Kama hujawahi kumsikia usijali, hata mimi sikuwa nimemsikia. Tuandamane.

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 katika mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake alikuwa injinia wa barabara na madaraja, lakini mapenzi yake makubwa yalikuwa ndege. Aliwavisha ndege wa bustanini pete ndogo miguuni ili amjue kila mmoja wao, kisha akachora ramani ya kuonyesha ni nani anakaa wapi. Jambo hili likumbuke, msomaji, kwa sababu mtoto wa nyoka ni nyoka na mtoto wa mchora ramani naye atakuja kuchora ramani.

Denis alipokuwa na umri wa miaka 11, jiwe lililorushwa na watoto wenzake lilimpata jicho la kulia. Madaktari walijaribu lakini wapi, jicho likang'olewa akawekewa la kioo. Shuleni hakuwa mwerevu wa kutajwatajwa. Mwaka wa 1929 aliingia chuo cha Trinity mjini Dublin kusomea uinjinia kama babake, halafu akabadili nia na kusomea udaktari kwa kuwa aliamini kwamba ndiyo kazi Mungu aliyomwitia. Alihitimu mwaka wa 1935, kisha akaendelea hadi akawa daktari wa upasuaji.

Hapo ndipo jicho lilipomletea taabu tena. Aliomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Afrika akakataliwa. Ati mpasuaji wa jicho moja atashonaje mtu? Vita Vikuu vya Pili vilipopamba moto, jeshi la Uingereza halikuchagua sana, likamchukua. Akiwa daktari wa jeshi alihudumu hapa Kenya na pia Somalia, akaipenda Afrika Mashariki. Baada ya vita aliomba tena, na mwaka wa 1946 akapelekwa Uganda, katika mji wa Lira.

Huko Lira alianza kuonyesha tabia iliyomtofautisha na wenzake. Wanaume wengi walikuja hospitalini na mabusha. Daktari mwingine angepasua, akashona, akaita anayefuata. Burkitt alipasua na kushona vilevile, lakini akauliza na swali moja zaidi: unatoka wapi? Akaandika majibu. Kumbe wengi walitoka upande wa mashariki wa wilaya na wachache mno upande wa magharibi. Ugonjwa ulikuwa na makao yake, kama wale ndege wa babake.

Mwaka wa 1948 alihamishiwa Hospitali ya Mulago mjini Kampala. Kisa chenyewe kilianzia huko mwaka wa 1957. Siku moja Daktari Hugh Trowell, bingwa wa ugonjwa wa unyafuzi, alimwita aje aangalie mtoto wa kiume wa miaka 5. Uso wa mtoto ulikuwa umevimba vibaya na meno yamelegea. Ajabu ni kwamba uvimbe ulikuwa katika taya la juu na la chini, kushoto na kulia. Jipu la jino huvimbisha upande mmoja. Saratani ya mfupa nayo huanzia mahali pamoja. Huu ulikuwa umeanza pembe zote nne! Burkitt hakujua ni ugonjwa gani, na hakujifanya anajua. Alimpiga mtoto picha, akaandika kila kitu, lakini hakuweza kumponya.

Majuma machache baadaye alikuwa amezuru hospitali ya Jinja. Alipotupa jicho nje ya dirisha, akamwona mtoto mwingine uso umevimba vilevile. Alitoka mbio kwenda kumwangalia. Taya zilikuwa zile zile nne, na tumboni pia mlikuwa na uvimbe. Mgonjwa mmoja wa ajabu unaweza kumsahau, lakini wawili ni lazima wakunyime usingizi. Burkitt alimchukua mtoto pamoja na mamake hadi Kampala.

Kutoka hapo alianza kufukua mafaili ya zamani ya Mulago. Akakuta watoto wengi waliofariki kwa uvimbe wa taya, wengine kwa uvimbe wa figo, wengine wa ini. Kila mmoja alikuwa ameandikiwa jina lake la ugonjwa. Mpasuaji wa taya aliona taya, mpasuaji wa tumbo akaona tumbo. Burkitt ndiye aliyeweka mafaili hayo pamoja na kusema kwamba haya yote ni ugonjwa mmoja. Mwaka wa 1958 aliandika makala katika jarida la wapasuaji la Uingereza, na watu wachache sana wakajali. Baadaye wenzake wa maabara ya Kampala, O'Conor na Davies, walipima nyama za uvimbe huo wakathibitisha kuwa ni saratani ya zile tezi zinazoulinda mwili, ambazo tunaziita mitoki zinapovimba.

Haki itendeke hapa. Burkitt hakuwa wa kwanza kuuona ugonjwa huu. Daktari Albert Cook, aliyeanzisha Hospitali ya Mengo mwaka wa 1897, alikuwa ameuandika na kuuchora kitambo. Tofauti ni kwamba Burkitt aliuliza tena lile swali lake la Lira: wapi?

Alituma barua na picha za wagonjwa kwa hospitali nyingi za Afrika, akiuliza kama wamewahi kuona uvimbe wa namna hii. Kila jibu la ndiyo lilipofika alichomeka pini katika ramani ukutani. Pini zikafanya mshipi uliozunguka katikati ya Afrika. Lakini je, mshipi huo ulikomea wapi upande wa kusini? Barua hazikutosha. Alinunua gari kuukuu la Ford la mwaka wa 1954 kwa pauni 250, na mwezi wa Oktoba 1961 akafunga safari na madaktari wawili, Cliff Nelson na Ted Williams, ambaye alikuwa fundi hodari wa magari. Walisafiri kwa majuma 10, kiasi cha kilomita 16,000, hadi kusini mwa Afrika, wakazuru hospitali zaidi ya 50. Kila mahali swali ni lile lile na picha ni zile zile.

Waliporudi, jibu lilikuwa la kushangaza. Karibu na Ikweta ugonjwa huu ulionekana tu katika sehemu zilizo chini ya futi 5,000 hivi, yaani mita 1,500. Ukienda kusini mwinuko huo unapungua. Mtaalamu mmoja wa Entebbe, Haddow, akawafungua macho kwamba hoja si mwinuko, ni joto. Na ugonjwa ulitaka mvua pia. Joto na mvua, je, ni nani anayependa vyote viwili? Mbu!

Niliposoma hapo nilichukua atlasi yangu ya Jiografia. Nakuru yetu iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Naivasha iko juu ya mita 1,500, na Molo ndiyo usiseme. Kisumu iko kama mita 1,130, na Mombasa iko pale pale baharini. Kwa hiyo ugonjwa ambao daktari wa Nyanza au Pwani anaujua vizuri, kwa daktari wa huku kwetu ni nadra. Mji ni mwendo wa saa chache tu kwa matatu, lakini ugonjwa umegeuka mgeni. Hapo nikaelewa kwamba ugonjwa nadra si nadra kila mahali.

Burkitt alidhani kwamba mbu hubeba kirusi cha saratani hii. Hapo alikosea kidogo. Mwezi wa Machi 1961 alitoa mhadhara mjini London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwemo mtafiti kijana, Anthony Epstein. Burkitt akawa anamtumia vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka wa 1964 Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza kuwa wamekiona kirusi ndani ya chembe hizo. Hicho ndicho kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Kirusi hiki hakiletwi na mbu. Karibu kila mtu duniani hukipata, tena bila madhara makubwa. Lakini malaria inapomshika mtoto mara kwa mara, ulinzi wa mwili hulegea na kirusi hupata nafasi. Basi mbu alikuwa na hatia, ila kwa mlango wa nyuma.

Na wagonjwa je? Kisu hakikuwafaa, kwa sababu uvimbe huu hukua haraka mno, waweza kuongezeka maradufu kwa siku chache. Burkitt huko Kampala na Daktari Peter Clifford hapa Nairobi walijaribu dawa za saratani, ambazo wakati huo zilikuwa mpya. Uvimbe ukaanza kuyeyuka, na watoto wengine wakapona kabisa. Ilikuwa moja ya saratani za kwanza kuponywa kwa dawa pekee. Mwaka wa 1967 kituo maalum cha kuutibu kilifunguliwa Mulago.

Burkitt alirudi Uingereza mwaka wa 1966. Huko akauliza tena swali la wapi: mbona magonjwa ya matumbo yaliyojaa kwao hakuyaona sana Uganda? Akaanza kuwahubiria Wazungu wale vyakula vyenye makapi, kama maharagwe na nafaka zisizokobolewa. Aliaga dunia tarehe 23 Machi 1993 akiwa na miaka 82. Ugonjwa ule mpaka leo unaitwa kwa jina lake.

Wanafunzi wenzangu, kisa hiki kinatuhusu. Wengi wetu hapa Nakuru tuna nyumbani kwingine kando ya ziwa au Pwani. Likizo ikifika watoto huenda kwa nyanya, kisha hurudi. Mtoto akianza kuvimba taya na meno kulegea, sisi hukimbilia kusema ni jino tu, tukampa dawa ya maumivu tukangoja. Kwa ugonjwa huu, kungoja ni kifo. Mpelekeni hospitali, na mwambieni daktari mtoto amekaa wapi hata kama hajauliza. Nanyi mnaotaka kuwa madaktari, mkikutana na usilolijua msione haya. Andika, linganisha, halafu uliza swali moja zaidi. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.